Mchanga wa Katekista

Ukifungua daftari lolote la Katekista, mchanga ulikumwagikia magotini. Haukuwa mwingi. Zilikuwa chembe chache, laini kama unga wa wimbi, zilizokuwa zimejificha kwenye mkunjo wa kurasa. Aliandika kwa kalamu ya kuchovya, na kwa kuwa alikuwa amesoma mahali fulani kwamba waandishi wa zamani walikausha wino kwa mchanga, naye alifanya hivyo, ingawa kabatini mwa shule kulikuwa na karatasi ya kukaushia wino ambayo hakuna aliyeitumia.

"Karatasi ile hunyonya wino," aliniambia. "Mchanga huutuliza."

Mkewe, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni, alisema bila kuinua kichwa, "Na mchanga huohuo ndio ninaoutafuna kwenye githeri kila jioni."

Sitaeleza alizaliwa wapi wala alikuwa wa mbari gani. Sijui, na yeye hakupenda kuulizwa. Mzee mmoja alipomuuliza mbele ya watu, alijibu, "Mimi ni wa mbari ya Adamu, yule aliyefukuzwa." Tulichojua ni kwamba ujanani alikaa seminari miaka kadhaa, akarudi kabla ya kupata upadre. Kwa nini alirudi, hakusema. Mkewe ndiye aliyenidokezea siku moja kwamba alirudishwa na sanduku la vitabu na kikohozi. Nilipomfahamu mimi, kikohozi kilikuwa kimekwisha na vitabu vilikuwa vimebaki.

Nilifika kwenye shule ile mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Ilikuwa shule ndogo ya misheni, kwenye shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika, vyumba viwili na uwanja wa mpira. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, nikifundisha darasa la kwanza na la pili. Nilitaka kuwa padre. Padre wetu, mzungu mrefu aliyezunguka vituo vyake kwa pikipiki, aliniambia wazi kwamba seminari haitanipokea bila Kilatini, na kwamba yeye hana nafasi ya kunifundisha.

"Nenda kwa Katekista," alisema. "Anakijua kuliko mimi. Ila usimwambie nimesema hivyo."

Nilimwambia jioni ileile. Katekista alicheka mpaka akapaliwa na ugoro.

Ugoro ndio uliokuwa aibu yake. Jumapili aliwafundisha wakatekumeni, watu waliojiandaa kubatizwa, kwamba mwili ni hekalu la Roho na tumbaku ni moshi wa kuzimu, na kopo la tumbaku ya kunusa likiwa ndani ya mfuko wa koti lake. Alipoulizwa, alisema, "Nimesema moshi. Huu hauna moshi." Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakuweza kusema uongo hata wa kumfurahisha mgonjwa, lakini njia ya kuuzunguka ukweli aliijua vizuri. Alikuwa na subira ya ajabu kwa mtu mzito wa kuelewa, na hakuwa na subira hata kidogo kwa anayemcheka mtu huyo. Niliwahi kumwona akimtoa nje baba mzima wa watoto sita kwa sababu alimcheka bibi kizee aliyesahau amri ya nane, ile ya kutosema uongo. Alisema, "Wewe unaikumbuka amri kwa kuwa hujawahi kuihitaji." Baba wa watu akakaa nje kwenye jua mpaka mwisho wa mafundisho.

Tena alikuwa mtu aliyechoka. Sijui nieleze vipi. Hakuwa mvivu, aliamka kabla ya kengele ya shamba na kazi zake hazikuisha. Lakini alikaa kitini kama mtu aliyetoka safari, na alipoinuka alishika magoti kwa mikono miwili. Nikimwambia, "Pumzika, Mwalimu," alinijibu, "Mungu hajatukataza kuchoka. Ametukataza kuacha."

Sasa nizungumzie mchanga wenyewe.

Huku kwetu mchanga ni mgeni. Upande wa kahawa udongo ni mwekundu na hushika miguu. Upande wa Murera ni mweusi, mvua ikinyesha unavua viatu au unaviacha humohumo. Mchanga safi utaupata kwenye kona za mto tu, mahali maji yanapochoka. Kila Jumamosi Katekista alikwenda kwenye kona moja ya mto Ruiru na karai na gunia. Alichota, akaubeba mgongoni hadi nyumbani, akauosha mara tatu, akauanika juu ya bati, kisha akauchekecha. Chekeche aliyotumia ilikuwa ya mkewe ya kuchekechea unga, na ndoa yao ilikuwa na vita hiyo moja tu, lakini ilikuwa ndefu.

"Chekeche yangu iko wapi?"

"Inafundisha."

"Ikimaliza kufundisha, iambie hapa kuna watu wa kula."

Mchanga ule aliutia kwenye visanduku vya mbao, alivyovitengeneza kutokana na makasha yaliyotupwa na kiwanda cha kahawa. Kila mwanafunzi wake, mkubwa kwa mdogo, alikuwa na kisanduku. Uliandika kwa kidole. Yeye alikuja, akatazama, akanyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa ndiko kusahihisha. Ulitazama tena mpaka ukaliona kosa mwenyewe, kisha ukatikisa kisanduku na kuanza upya. Karatasi hukuigusa mpaka uliandike jambo mara tatu kwenye mchanga bila kosa. Mimi, mwalimu mwenye cheti, nilikaa miezi mitano nikiandika kwa kidole kama mtoto, na watoto wangu wa darasa la kwanza wakipita dirishani kunichungulia.

"Karatasi ina kinyongo," Katekista alisema. "Andika kwanza mahali ambapo kosa halikai."

Neno la kwanza alilompa kila anayeanza Kilatini lilikuwa neno la mchanga: harena. Vitabu vilianza na meza, au na waridi. Yeye alisema hajawahi kuona waridi huku ila kwenye bustani ya meneja wa shamba, na huko haingii. "Anza na kilicho chini ya kidole chako." Basi tuliandika neno la mchanga ndani ya mchanga. Ni neno la kike, la kundi la kwanza, lenye miisho mepesi: mchanga ukitenda, mchanga ukimiliki, ukipewa, ukitendwa, ukiitwa, ukitumiwa. Hali sita. Alizihesabu kwa vidole, na kidole cha sita alikiazima kwenye mkono wa pili.

Alilipenda neno lile jinsi watu wengine wanavyompenda ng'ombe mmoja kati ya wengi. Alijua kwamba wataalamu wa kale hawakukubaliana lilikotoka. Wengine walisema Warumi waliliazima kwa majirani zao wa milimani, ambao walilitamka kwa sauti nyingine kabisa, fasena, na sauti zikabadilika zikihama kutoka kinywa hadi kinywa. Wengine walidhani lilitoka kwa kabila jingine la kale, ambalo lugha yake imekufa na hakuna anayeisoma vizuri. Wengine, hao aliwadharau, walilifunga na neno la kukauka, eti kwa kuwa mchanga ni mkavu. "Hao hawajawahi kuubeba kutoka mtoni," alisema.

Halafu kulikuwa na ile herufi ya mwanzo. Padre alilisoma neno bila h, kama Waitalia, na kama lilivyoandikwa katika vitabu vingi vya kanisa. Katekista alishika h yake. Jumapili moja baada ya misa walibishana barazani pa kanisa, watoto wa kubatizwa wakilia mikononi mwa mama zao.

"Hakuna anayeitamka tena," Padre alisema. "Hata Roma kwenyewe."

"Roma wamechoka, Padre. Sisi ndio kwanza tumeanza."

Kuhusu wingi wa neno alikuwa na hadithi nyingine. Jemadari mmoja mkubwa wa Roma, ambaye kati ya vita na vita alipata wasaa wa kuandika mambo ya sarufi, alisema neno hili halipaswi kutiwa katika wingi, kwa kuwa mchanga ni mmoja hata ukiwa na chembe zisizohesabika. Washairi hawakumsikiliza. Katekista alimsikiliza. Alisema Kiswahili nacho kimekubaliana na jemadari, kwa kuwa mtu akibeba gunia moja au magunia kumi, bado amebeba mchanga. Akaongeza kwamba Mungu alipomwahidi Ibrahimu uzao kama mchanga wa pwani, katika Kilatini pia ni umoja. "Tunahesabiwa pamoja," alisema. Alilisema jambo hilo mara nyingi mno, na sisi tulikuwa vijana, tukapeana macho.

Na ndilo neno alilotumia kuwafundisha wakatekumeni habari za mashahidi wa imani. Alieleza kwamba katika viwanja vile vya michezo ya kuua, sakafu ilikuwa ya mbao, na juu yake walimwaga mchanga ili unywe damu. Mchezo ukiisha wakaupiga reki, wakaongeza mwingine. Mwishowe watu wakauita uwanja wote kwa jina la mchanga. Mama mmoja mchuma kahawa, mwenye mtoto mgongoni, akauliza, "Na huo mchanga nani alikuwa akiubeba?"

Katekista alifunga kitabu, na darasa likaisha vivyo hivyo. Jumapili iliyofuata alianza na jibu. "Mama, swali lako limenisumbua wiki nzima. Sijui alikuwa nani. Lakini alikuwa mtu kama sisi, na jioni huenda alirudi kwake, akanawa, akala."

Nimelikumbuka jibu hilo maisha yangu yote, kwa sababu ambayo nitaieleza sasa.

Katekista alikuwa akiandika kitabu cha maneno, Kilatini kwa Kiswahili, kwa ajili ya vijana wetu waliokuwa wakipitia Kiingereza ili wafike Kilatini, kama mtu anayekwenda Thika kwa kuzunguka Naivasha. Alikuwa na madaftari manne. Kila neno liliandikwa na mwisho wake wa umiliki, kisha herufi ya jinsi: m kwa neno la kiume, f kwa la kike, n kwa lisilo la kiume wala la kike, kisha maana, kisha asili. Alifika herufi H, akakwama. Karibu mwaka mzima ukurasa ule ulikuwa na neno harena, mwisho wake, herufi f, na neno "mchanga". Mahali pa asili palikuwa wazi. Mimi nilimsihi aandike kwamba haijulikani, aendelee. Alikataa.

"Nikiandika haijulikani, kijana atakayesoma ataacha kutafuta."

"Na usipoandika, Mwalimu, hatapata kitabu cha kusoma."

"Kumbe unaweza kubishana," alisema, akanusa ugoro, na hakuandika.

Kisha serikali ya wakoloni ikatangaza ile hali ya hatari, kwa sababu ya wapiganaji wa msituni na kiapo chao cha siri, na watu wakaanza kupungua. Sitaeleza mambo yote ya miaka ile. Wengine wameyaeleza, na mimi nimezeeka. Tuliogopa usiku na mchana, tuliogopa waliokuwa msituni na waliokuwa barabarani, na jirani akikusalimu ulijiuliza kwa nini amekusalimu.

Asubuhi moja, kabla ya chai, tulitolewa majumbani na askari, tukakalishwa chini kwenye uwanja wa mpira wa shule, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Padre alikuwa safarini kwenye vituo vya mbali. Aliyewaongoza askari alikuwa sajenti kutoka nchi ya mbali, asiyejua neno la kwetu ila Kiswahili cha kazini, na kando yake palikuwa na karani mwenye koti refu, mtu wa hukuhuku, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma majina. Walipekua nyumba. Nyumbani kwa Katekista walitoka na madaftari manne.

Karani alilifungua la mwisho. Mchanga ukamwagikia viatu vyake. Akaruka nyuma kana kwamba amemwagiwa dawa.

"Hii ni nini?"

"Mchanga," Katekista alisema. Alikuwa amesimamishwa mbele yetu, bila koti.

"Naona ni mchanga! Wa kazi gani? Wa kiapo?"

"Wa kukausha wino."

"Na hii ni lugha gani?"

"Kilatini."

"Usinidanganye, mzee. Kilatini nakijua, nimebatizwa. Kilatini huimbwa. Hiki hakiimbwi." Watu wawili watatu walicheka kidogo, kisha wakakumbuka walipo. Karani akapitisha kidole kwenye ukurasa. "Na hizi m na f? Kwenye karatasi za serikali m ni mwanamume na f ni mwanamke. Hawa ni watu. Umewaapisha wangapi?"

"Si watu. Ni maneno. Mengine ni ya kiume, mengine ya kike."

"Maneno yana wanaume na wanawake? Basi yanaoana?"

"Yanapatana," Katekista alisema. "Wakati mwingine."

"Na hii n?"

"Hayo si ya kiume wala ya kike."

Karani alimgeukia sajenti, akamweleza kwa Kiswahili cha kazini. "Afande, wanaume wamewekwa m, wanawake f. Hawa wenye n ni wale ambao bado hawajachagua upande."

Hapo hakuna aliyecheka. Sajenti alichukua daftari, akaligeuza juu chini, akauliza kama kuna mtu mwingine pale anayeijua lugha hiyo. Karani alininyooshea kidole. "Yule ni mwalimu wa shule. Huwa wanakaa pamoja."

Niliinuliwa. Sajenti aliniwekea daftari usoni, na lilikuwa limefunguka kwenye ukurasa wa H. Nililiona neno. Kulikuwa na chembe mbili za mchanga bado zimeshika kwenye wino. Neno hilo nilikuwa nimeliandika kwa kidole mamia ya mara, ningeweza kuligeuza hali zote sita nikiwa nimelala. Ningesema tu, afande, hili ni neno la mchanga, niulize mengine, na ningeyasoma moja baada ya jingine, na labda wangetuchukua sote wawili, na labda wangetuacha sote wawili.

"Unayajua maneno haya?" sajenti aliuliza.

"Siyajui," nilisema.

Sauti ilitoka kubwa, ya mtoto aliyeitwa darasani. Uwanja mzima uliisikia. Sajenti akamwambia karani, "Hata mwalimu hayajui," na lile ndilo lililokata shauri. Kama ni lugha ya kanisa, mwalimu wa kanisa angeijua.

Katekista hakunitazama. Hata leo sijui kama alijizuia au hakutaka. Walipompandisha lorini, mkewe aliinuka kati ya wanawake, akapiga kelele, "Koti lake! Jamani, koti lake!" Akakimbia nyumbani, akarudi nalo, akalirusha juu, na mkono wa mtu mwingine ukalidaka. Nami nilikaa chini tena, na baadaye nilirudi kwangu, nikanawa, nikala.

Padre aliporudi alikwenda Thika na pikipiki yake, akawaeleza wakubwa madaftari yale ni ya nini. Inasemekana mmoja wao alicheka sana, akasema yeye mwenyewe alichapwa viboko shuleni kwa ajili ya Kilatini. Lakini Katekista alikuwa ameshapelekwa mbele, na karatasi zilikuwa zimeshaandikwa, na huko mbele aliandikiwa nyingine kwamba ni mkaidi, kwa kuwa kila alipotakiwa kuungama kiapo alisema hakula, na kila alipoambiwa aseme tu amekula ili arudi nyumbani, alisema hawezi. Alizungushwa kambi hadi kambi zaidi ya miaka miwili. Madaftari hayakuonekana tena.

Padre aliniuliza kama niko tayari kwenda seminari. Nilimwambia sina wito. Alisema, "Jana ulikuwa nao." Nikasema ndiyo, jana nilikuwa nao. Ijumaa Kuu ya mwaka ule, iliposomwa habari ya Petro akimkana Yesu penye moto wa makaa, nilitoka nje ya kanisa nikijifanya nakohoa.

Watu tulihamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, handaki limezunguka. Mke wa Katekista alipewa kibanda karibu na changu. Nilimjengea paa, nikamlimia, nikamchotea maji saa ziliporuhusiwa. Alikuwa akinitazama kwa jicho la pembeni.

"Wewe kijana, unanilimia kuliko mama yako mzazi. Una nini?"

"Sina kitu, Mama."

"Haya. Lima basi, usiye na kitu." Alichochea moto. "Chekeche yangu ilibaki kule. Sasa naikosa na yeye naye simpati. Bora ningemwachia aichakaze."

Katekista alirudi mwishoni mwa miaka ile. Waliopata ruhusa ya kukaa nje ya kijiji walikuwa wachache. Yeye na mkewe walipewa chumba kwenye kiwanja cha kanisa Ruiru, karibu na stesheni ya reli. Nilisikia habari Jumatatu. Miezi mitatu ilipita sijaenda. Nilikuwa nimeoa wakati huo, nilikuwa na sababu nyingi. Mwishowe mkewe alikuja mwenyewe shuleni kwangu, akasimama mlangoni mwa darasa mpaka nikatoka.

"Anakuuliza."

"Ananiuliza nini?"

"Anakuuliza wewe. Macho yake yamekwisha. Anataka mtu wa kumwandikia, na hataki mwingine. Nimemwambia umekuwa mtu mkubwa, una viatu viwili. Akasema, basi aje na kimoja."

Nilikwenda Jumamosi. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya chumba chao, koti lilelile, ila yeye alikuwa mdogo zaidi ndani yake. Macho yalikuwa wazi na meupe kidogo. Karibu naye, kwenye bomba la kanisa, akina mama walikuwa wamepanga madebe yao.

"Umefika," alisema kabla sijasema neno. "Unapumua kama mtu aliyenenepa."

"Nimefika, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Karatasi iko hapo chini ya jiwe."

Hayakuwa madaftari. Zilikuwa karatasi za mifuko ya saruji, zimekatwa kwa kisu na kushonwa kwa uzi wa gunia. Alikuwa ameanza kitabu upya, kwa kumbukumbu, akiandika mwenyewe mpaka macho yalipokataa. Mistari ya mwisho ilipandana kama nyasi zilizolala. Nilizishika, na mchanga ukanimwagikia magotini.

Niliziweka juu ya benchi. "Mwalimu, nina neno la kuungama."

"Mimi si padre. Walinirudisha nyumbani, hujaambiwa?"

"Siku ile uwanjani..."

"Siku ile uliulizwa ukasema hujui. Nilikuwa nimesimama palepale. Macho yameharibika juzi, masikio sijambo." Alitafuta kopo la ugoro mfukoni, akalipapasa bila kulifungua. "Mimi nilifurahi. Sikiliza vizuri. Nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu angalau atabaki, mke wangu atalimiwa. Halafu nikiwa lorini nikagundua nimefurahia uongo. Hilo nimeliungama mara mbili, kwa kuwa padre wa kule kambini mara ya kwanza hakunielewa."

"Lakini ulikuwa uongo."

"Ulikuwa uongo. Usiupake asali, na mimi sitaupaka pilipili. Chukua kalamu."

Nikaichukua. Mkewe alitokea mlangoni, akatutazama wote wawili, akarudi ndani.

"Tumefika wapi?"

Nilifunua. "H, Mwalimu."

"Andika neno la mchanga."

Nikaandika neno, mwisho wake, herufi ya jinsi, na maana yake. Niliandika polepole, na herufi zilikaa.

"Sasa asili. Andika kwamba haijulikani."

"Mwaka mzima ulikataa kuandika hivyo."

"Nilikuwa bado nasoma vitabu. Tangu hapo nimelala sakafu moja na watu wengi ambao hakuna aliyejua walikotoka, na walikuwa watu kamili. Andika."

Nikaandika. Treni ya mizigo ilipita kuelekea Thika, tukaingoja iishe.

"Sasa ligeuze," alisema. "Hali zote."

Nilianza chini chini, macho kwenye karatasi.

"Sikusikii. Siku ile ulisema kwa sauti."

Uso wake haukuwa na hasira, na haukuwa na tabasamu. Alikuwa ameinua mkono wa kulia, vidole vimekunjwa, tayari kuhesabu. Niliinuka kutoka kwenye benchi. Nikasimama wima, mikono ubavuni, nikalisema neno la mchanga katika hali zake sita, moja baada ya nyingine, kwa sauti kubwa kiasi kwamba akina mama kwenye bomba waligeuka na maji yakafurika kwenye debe la mmoja wao. Katekista alifungua kidole kwa kila hali. Vidole vya mkono wa kulia vilipokwisha, aliazima kimoja kwenye mkono wa kushoto.

Kisha akalifungua lile kopo, na kumbe halikuwa na ugoro. Aliipapasa karatasi mpaka akapata mahali wino ulipokuwa mbichi, akanyunyiza mchanga, akapuliza.

"Endelea," akasema. "Linalofuata ni lipi?"